Usinunue pampu kwa ubabe!

 

Leo nataka tuongee habari za bwawa la kuogelea la nyumbani. Najua umeshasonya. "Huyu naye! Mimi nimepanga chumba na sebule Sinza, maji yenyewe naweka kwenye madumu, yeye ananiletea mambo ya bwawa!" Tulia basi. Siku hizi bwawa si la vibosile wa ushuani peke yao. Nenda Goba, nenda Madale, vuka Kigamboni, utakuta watu wa kawaida tu, wenye mikopo kama wewe, wamechimba shimo nyuma ya nyumba. Wengine wanaogelea wenyewe, wengine wanapangisha nyumba kwa wageni wa siku mbili tatu, wengine wanakodisha kwa sherehe za watoto. Na hata kama huna bwawa, ipo siku utaalikwa. Utatumbukia, utameza mafunda mawili, utatoka unacheka. Je, maji uliyomeza yamepita wapi kabla ya kukufikia wewe? Hapo ndipo penye hadithi yetu.

Isitoshe, leo nina jambo la kuungama. Nilichemsha, tena nilichemsha vibaya, na ilibaki kidogo tu nisiandike safu hii kwa utani.

Dada yangu wa kwanza na mumewe wamejenga Goba. Miaka mingi ya kubana, kila mwezi mifuko ya saruji, mwisho nyumba ikasimama na bwawa likachimbwa: urefu mita 8, upana mita 4, upande wa watoto kina mita 1, upande wa wakubwa mita 1.8. Ikafika siku ya kununua mashine. Dada akanipigia simu: "Wewe mdogo wangu unaandika magazetini, unajua mambo, twende dukani ukatusaidie kuchagua."

Hee! Mimi nikavaa miwani, nikaenda. Muuzaji akatupanga: pampu za saizi hii, pampu za saizi ile. Nikazigusagusa kama mtu anayejua, nikauliza ipi ina nguvu kuliko zote. Akatuonyesha ya hospawa mbili. Nikamgeukia shemeji nikasema kwa sauti ya bwana mkubwa: "Shem, chukua hii. Kubwa haliharibiki neno." Pampu ile ikala sehemu nzuri ya mshiko. Kilichobaki tukakinunulia chujio dogo, kipenyo milimita 400. Nikajisemea, chujio si ni pipa tu la mchanga? Litafanya nini cha ajabu?

Basi bwana, mwezi wa kwanza mambo yalikuwa bomba. Maji bluu, picha zimepigwa, majirani wanachungulia ukutani. Mwezi wa pili maji yakaanza kuwa na ukungu kama yamepigwa sabuni. Mwezi wa tatu kuta zikateleza, rangi ikaelekea kijani. Kijana anayetunza bustani akawa anaosha chujio kila baada ya siku moja, maji yanamwagwa mtaroni, boza linaitwa, dada ananuna, shemeji ananuna. Bili ya umeme ndiyo usiseme. LUKU ilikuwa inakatika kabla ya wiki kwisha.

Ikaja Jumamosi ya besidei ya mpwa wangu, anatimiza miaka 7. Alikuwa amesukwa rasta ndefu za kuunga, kapendeza kama bibi harusi mdogo. Watoto wamejaa majini, muziki unapiga. Mwenzake mmoja akadondosha kijimwanasesere, kikazama. Mpwa wangu akapiga mbizi kukifuata. Kile kijimwanasesere kilikuwa kimevutwa hadi kwenye tundu la chini, lile mafundi wanaloita dreni.

Hakuibuka.

Shemeji aliruka na nguo zake. Kijana wa bustani, Mungu ambariki, hakuuliza swali, alikimbilia swichi. Pampu ikanyamaza. Shemeji akazing'oa nywele, akaja juu na mtoto anakohoa, macho mekundu. Mzima. Dada alikaa chini kwenye marumaru na gauni lake la sherehe, hasemi neno. Mimi nilikuwa nimeshika soda, mpaka leo sijui niliiangusha wapi. Jioni, maji yalipotulia, tuliona rasta tatu zimebaki chini, zimejisokota kwenye kifuniko cha dreni.

MZEE WA MABWAWA

Jumatatu yake shemeji akaleta fundi mwingine. Mzee wa makamo, kafanya kazi ya mabwawa ya hoteli tangu ujana wake. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba mwanangu," kisha akaenda kwenye kibanda cha mashine, akatazama pampu, akatazama chujio, akatazama tena pampu. Akauliza kwa upole: "Nani aliwachagulia hivi?"

Kimya. Dada akanitazama. Shemeji akanitazama. Hata yule kijana wa bustani akanitazama.

Mzee hakugomba. Alichukua kijiti akaanza kuandika hesabu kwenye udongo, na mimi nikatoa daftari langu. Haya ninayokuandikia ni ya kijiti kile, pamoja na niliyokwenda kuyasoma mwenyewe baada ya aibu ile.

La kwanza alilosema: bwawa halinunuliwi pampu kwanza. Unaanza na maji, halafu chujio, pampu inakuja mwisho. Mimi nilianza na pampu.

Hesabu ya maji ni rahisi. Urefu mara upana mara kina cha wastani. Bwawa la dada ni mita 8 mara 4 mara 1.4, inakuja karibu mita za ujazo 45, yaani lita 45,000. Sasa maji yote ya bwawa la nyumbani yanatakiwa yapite kwenye chujio angalau mara moja ndani ya saa 6 hadi 8. Gawanya 45 kwa 6, unapata mita za ujazo 7 na nusu kwa saa. Gawanya kwa 8, unapata kama 5 na nusu. Huo ndio mwendo unaoutafuta. Pampu ya hospawa mbili, ikiwa haina kizuizi kikubwa, inaweza kusukuma kama mita za ujazo 20 kwa saa. Maji ya kupeleka wapi, bwana?

La pili: chujio la mchanga lina mwendo wake. Maji yanatakiwa yapite taratibu, kama mtu anayechuja tui, sio kama mtu anayemwaga ndoo. Vipimo vya mafundi vinasema maji yasishuke kwenye mchanga kwa kasi ya zaidi ya mita 50 kwa saa, na yakienda mita 30 ni raha zaidi. Chujio la milimita 400 uso wake wa mchanga ni mita ya mraba 0.126 tu. Kwa kasi ile ya juu kabisa linabeba mita za ujazo 6 na kidogo kwa saa. Sisi tulilifungia pampu yenye uwezo mara tatu ya huo. Maji yalikuwa yanatoboa njia kwenye mchanga, uchafu mwembamba unapitilizwa unarudi bwawani, na geji ya presha inapanda muda wote. Kijana akiona geji imepanda, anaosha chujio. Kafundishwa hivyo, kosa si lake.

La tatu ndilo lililoniondoa nguvu za miguu. Kila ukiosha chujio la mchanga, unarudisha maji kinyume, mafundi wanasema "bakwashi", na maji hayo yanamwagwa. Kwa pampu ile, dakika tatu za kuosha zinaweza kumwaga lita 600 hivi. Kijana alikuwa anaosha mara tatu au nne kwa wiki. Hizo ni kama lita 2,000. Bwawa la mita 8 kwa 4, kila sentimita moja ya maji ni lita 320, kwa hiyo bakwashi peke yake ilikuwa inashusha maji sentimita 6 kwa wiki, ongeza na yanayokauka na jua la Dar. Boza likichelewa, maji yanashuka chini ya mdomo wa skima, kile kidirisha cha ukutani kinachofyonza uchafu wa juu. Skima ikivuta hewa, pampu inaungua. Kijana akafanya alichoona cha busara: akafunga bomba la skima, akaacha pampu ivute kutoka chini tu.

Umeona sasa? Hospawa mbili, zote kwenye tundu moja la chini, lenye kifuniko bapa kilichokuwa na ufa. Na mtoto wa miaka 7 mwenye rasta ndefu.

Mzee alifuta hesabu zake kwa mguu, akasema: "Hapa hakuna aliyetaka ubaya. Chujio dogo lilikula maji, maji yalifunga skima, skima ikampa dreni nguvu zote." Sikuwa na la kujibu.

Na usifikiri ni mambo ya Goba tu. Marekani, mwaka 2002, mtoto wa miaka 7 aliyeitwa Virginia Graeme Baker, mjukuu wa James Baker aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi ile, alifariki baada ya kunaswa na mvuto wa dreni kwenye beseni kubwa la maji ya moto. Mwaka 2007 nchi hiyo ikapitisha sheria yenye jina lake, inayodai vifuniko salama vya dreni. Familia yenye uwezo wote ule, maji hayakujali.

AINA TATU ZA CHUJIO

Sasa tuje kwenye kuchagua. Sokoni kuna aina tatu, na kila muuzaji atakwambia yake ndiyo kiboko. Tuzitazame moja moja.

Mchanga. Ni pipa lenye mchanga maalumu ndani, maji yanaingia juu yanatokea chini. Linakamata uchafu wa kuanzia maikroni 20 hadi 40. Maikroni moja ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Uzuri wake ni uvumilivu: mchanga unakaa miaka mitano au zaidi kabla ya kubadilishwa, na kijana yeyote makini anaweza kufundishwa kuliendesha kwa nusu saa. Ubaya wake ni ule ule, linakunywa maji wakati wa kuosha. Na tafadhali, usimsikilize anayekwambia uchote mchanga wa ufukweni Kunduchi ujaze. Mchanga wa bahari una chumvi, una vipande vya makombe, na punje zake hazilingani. Unaotakiwa ni wa silika, uliochekechwa, punje za milimita 0.4 hadi 0.8. Ukijaza, weka kwanza maji nusu pipa, ili mchanga usishuke kwa kishindo ukavunja vijibomba vya chini.

Katriji. Huyu ni mfano wa kichujio cha hewa cha gari, kitambaa kilichokunjwakunjwa ndani ya pipa. Anakamata vidogo zaidi, maikroni 10 hadi 20. Hana bakwashi: unamtoa, unampiga maji ya mpira, unamrudisha. Kwa mtu anayenunua maji kwa boza, huyu anavutia sana. Ila kuna mawili. Kwanza anachakaa, baada ya miaka michache unanunua mpya, na lazima awe wa saizi ile ile. Sisi tulipouliza, wa saizi yetu tuliambiwa anaagizwa, tusubiri. Ukisubiri wiki sita na bwawa halina chujio, utafuga vyura. Pili, mafuta yanamziba. Losheni, mafuta ya nywele, mafuta ya nazi, vyote vinaganda kwenye mikunjo, na maji matupu hayavitoi, mpaka umloweke kwenye dawa yake. Kama kisima chako kina maji magumu yenye chokaa, nayo inaganda humo humo.

Unga wa diatomu. Huu ni unga mweupe wa mabaki ya viumbe vidogo vya majini vya zamani sana, unatandazwa kwenye vitambaa ndani ya pipa. Huyu ndiye bingwa wa kung'arisha, anakamata hadi maikroni 3 au 5. Lakini kila ukiosha, unga unaondoka, lazima uweke mwingine. Kama huna mahali pa uhakika pa kuupata, umenunua kimeo. Na vumbi lake si la kuvuta puani, anayelishika avae barakoa.

Sasa utaniuliza, lipi bora? Jibu la mzee lilikuwa swali: "Maji yako yanatoka wapi, na nani ataliosha?" Kama una kisima chenye maji ya kutosha na mtu wa kawaida wa kuliendesha, chukua mchanga. Kama kila tone unalinunua, na una uhakika wa kupata katriji ya akiba, chukua katriji, tena kubwa, na nunua mbili siku hiyo hiyo, moja ikiwa kazini nyingine inakauka. Unga waachie wenye fundi wa kudumu.

MAMBO YA KUTUNZA

Hapa nilijifunza kitu ambacho kingeokoa maji mengi. Chujio la mchanga likiwa safi kabisa halichuji vizuri kama likiwa na uchafu kidogo. Uchafu ule wa mwanzo unaziba mianya kati ya punje, na wenyewe unasaidia kukamata mwembamba zaidi. Kwa hiyo anayeosha kila siku anajirudisha nyuma kila siku. Utaratibu ni huu: siku umetoka kuliosha, soma geji, andika namba ukutani kwa kalamu isiyofutika. Presha ikipanda kama nusu ya bar juu ya namba ile, ndipo uoshe. Haijapanda? Mwache mzee apumzike.

Na lile gurudumu la njia sita juu ya chujio, usiligeuze kamwe pampu ikiwa inanguruma. Zima kwanza, geuza, ndipo uwashe. Ukigeuza huku maji yanasukuma, unachana mpira wa ndani, na maji ya bwawa yataanza kutorokea mtaroni usiku umelala.

Maji yakiwa na ukungu usiosikia chujio, bibi zetu walishatufundisha dawa: shabu. Ile ile inayotuliza tope kwenye mtungi. Shabu inakusanya chembe ndogo kuwa mabonge, yanazama, yanafyonzwa chini na kumwagwa moja kwa moja nje. Ila kwa kipimo, maana inashusha pH, na usiitumie kwenye bwawa la katriji, utamziba mara moja.

Sasa nisikilize kwa makini, hasa wewe mwalikwa. CHUJIO HALIUI VIJIDUDU. Linaondoa uchafu unaoonekana na mwingine usioonekana, basi. Anayeua ni klorini, na inatakiwa iwepo miligramu 1 hadi 3 kwa kila lita, na pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. pH ikizidi hapo, klorini inalala usingizi hata ukimwaga ndoo nzima. Kuna kidudu kinaitwa Cryptosporidium, kinaleta kuharisha, ukubwa wake ni maikroni 4 hadi 6. Linganisha na zile 20 za mchanga: anapita huku anapunga mkono. Na klorini ya kawaida inaweza kuchukua zaidi ya wiki kumuua. Kwa hiyo dawa yake ni adabu. Aliyeharisha asiingie bwawani, na akishapona asubiri wiki mbili. Na kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia si mapozi ya hoteli.

Wale wanaojidai na "bwawa la chumvi, sisi hatutumii klorini", nao wanatumia. Mashine yao inaigeuza chumvi kuwa klorini humo humo. Tusidanganyane.

TULIVYOMALIZA

Pampu yangu ya ubabe iling'olewa. Mzee alifunga chujio la mchanga la milimita 500, ambalo uso wake ni mita ya mraba 0.196, na pampu ya robo tatu ya hospawa inayotoa kama mita za ujazo 8 kwa saa kwa mabomba yale. Piga hesabu mwenyewe: 8 gawanya kwa 0.196, kasi ni mita 41 kwa saa. Hapo inachuja bila kutoboa mchanga, na inapoosha ina nguvu ya kutosha kuuinua. Bwawa lote linapita kwenye chujio kwa muda usiofika saa 6. Kuosha kunamwaga lita 400 na kitu, na sasa ni mara moja kwa wiki mbili hivi. Maji hayo hayaendi mtaroni, yanaingia kwenye shimo la pembeni, yanatulia siku kadhaa mpaka klorini iishe, kisha yanakwenda kwenye migomba.

Umeme je? Pampu ya zamani ilikuwa inakula kama kilowati 2, kwa saa 8 ni yuniti 16 kwa siku. Mpya inakula kama 0.8, yuniti 6 na kitu. Kwa mwezi ni tofauti ya karibu yuniti 290. Zidisha na bei ya yuniti yako, halafu ukae chini. Wenye uwezo zaidi wananunua pampu ya kubadilisha mwendo. Ukiipunguza mwendo kwa nusu, maji yanapungua nusu, lakini umeme unashuka mpaka karibu moja ya nane. Inazunguka polepole kutwa nzima na bado inakula kidogo.

Na dreni? Sakafu ilichimbwa. Sasa kuna matundu mawili badala ya moja, yameachana zaidi ya mita moja, yameungana kwenye bomba moja, ili mtu akiziba hili maji yavute kule. Vifuniko ni vile vya kuvimba kama mgongo wa kobe, vimefungwa kwa skrubu, na kikipata ufa hakuna kuogelea mpaka kibadilishwe. Bomba la skima halifungwi tena, maji yakipungua pampu inazimwa, tunasubiri boza. Swichi ya kuzimia imeletwa pale pale ukingoni, imepakwa rangi nyekundu, na kila mtoto wa nyumba ile anajua kazi yake. Nywele ndefu zinafungwa juu, kofia inavaliwa. Na mtu mzima mmoja anakaa ukingoni, hana simu mkononi.

Kabla hujaenda dukani, kata kipande hiki uweke kwenye pochi. Muulize muuzaji maswali matano:

1. Bwawa langu lina lita kadhaa, maji yote yatapita kwenye chujio kwa saa ngapi?

2. Pampu hii, kwa chujio hili, kasi ya maji kwenye mchanga ni mita ngapi kwa saa?

3. Kila nikiosha, namwaga lita ngapi?

4. Mchanga, katriji au unga wa akiba unauzwa wapi hapa hapa mjini, leo?

5. Dreni ziko ngapi, na vifuniko vyake ni vya aina gani?

Akianza kukuimbia habari za hospawa kabla hajakuuliza bwawa lako lina ukubwa gani, mpe mkono, mwambie asante, toka. Mimi sikutoka, nilimsaidia kuimba.

Dada alinuna mwezi mzima. Wiki mbili zilizopita alinipigia, akasema mpwa wangu amekubali kuingia tena majini, upande wa watoto, ila ana sharti: anko akae karibu na swichi. Nilikwenda. Nilikaa kwenye kigoda kando ya kile kitufe chekundu saa mbili nzima, jua la Goba linanichoma kisogo, soda inapata moto. Kila akizama kidogo akiibuka alikuwa ananitazama kuhakikisha nipo.

Nilikuwepo. Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.